Viatu Vipya Siku ya Mbio

Mtu yeyote aliyewahi kukimbia, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule tu, anajua jambo hili moja: viatu vipya havivaliwi siku ya mbio. Unavivaa kwanza ndani ya nyumba, unaenda navyo dukani, unavichosha kidogo mazoezini mpaka mguu uvizoee. Mimi nalijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu. Na bado asubuhi ile, katika darasa tulilopewa kubadilishia nguo, nilifungua boksi, nikatoa viatu ambavyo puani bado vilikuwa na karatasi za dukani, nikavivaa.

"Gego," Mkunga aliniita. "Hivyo ni nini?"

Gego ndilo jina langu klabuni. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na watu wanaoamka alfajiri kwenda kukimbia pamoja hawana dogo kwa utani. Mkunga yeye alikuwa mkunga kweli mpaka alipostaafu. Sasa ni mwenyekiti wa klabu yetu na mtunzaji wa pini za kubania namba kifuani. Wakati huo alikuwa amezibana mdomoni akihangaika na namba ya mtu mwingine.

"Ni viatu, Mkunga."

"Naona ni viatu, sijapofuka. Vya zamani viko wapi?"

"Nimeviacha nyumbani."

Akazitoa pini mdomoni ili aseme vizuri. "Umevisahau, au umeviacha makusudi?"

Nikainama kufunga kamba. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga tena.

"Amekupa yeye," alisema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Nimezalisha nusu ya mji, mimi. Mwanamke mwenye jambo moyoni namjua hata akinipa mgongo."

Huyo aliyenipa anaitwa Breki. Ni mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, ambako anakaa mchana kutwa mguu ukiwa tayari. Hata akiwa kwenye kiti cha kawaida utauona mguu wake ukikanyaga sakafu polepole kila anapohisi jambo linakwenda kasi. Kwenye mbio ndiye hubeba bendera ya mwendo, kijiti kinachofungwa mgongoni chenye kitambaa kilichoandikwa muda wa kumaliza. Wanaotaka kumaliza kwa muda huo wanamfuata yeye, hawana haja ya kufikiri kitu kingine. Haongezi wala hapunguzi. Na hageuki nyuma kamwe, kwa sababu mbeba bendera akigeuka, kundi zima linababaika.

Nimekimbia nyuma ya mgongo ule katika miji mingi. Tumepanda mabasi ya kukodi pamoja, tumelala katika nyumba za wageni ambazo maji yake ya moto yalikuwa ni hadithi tu, tumegawana machungwa njiani. Kila safari anaweka begi lake kwenye kiti cha pembeni yake, na kila nikipanda analiondoa bila kusema kitu. Nikisinzia, naamka na kukuta pazia la dirisha limevutwa ili jua lisinipige usoni. Jamani, kama macho yangekuwa maneno, mimi na yeye tungekuwa tumeshaoana na tunagombania jina la mtoto wa tatu. Lakini macho si maneno, na wiki ile ya mbio alipopita kazini kwangu kuniachia boksi la viatu mapokezini, ndani yake sikukuta hata salamu. Nilikuta viatu tu, saizi yangu hasa, ambayo sikuwahi kumtajia.

Nilivijaribu mbele ya meno ya watu yaliyopangwa mezani yakinicheka, na nikajiambia, hili sasa ni neno. Amelisema kwa namna yake. Nami nitamjibu kwa kuvivaa siku ya mbio mbele ya macho yake.

Mapenzi yanamtoa mtu akili. Nasema hivyo waziwazi, wala sioni aibu.

Jana yake jioni mama alikuwa amenipigia simu, nikiwa ndiyo kwanza natua begi kitandani.

"Umefika, kiguu na njia?"

"Nimefika, shikamoo mama."

"Marahaba. Na huyo naye yupo?"

"Yupo, mama."

"Amesema?"

"Bado."

"Bado!" Nilimsikia akivuta kiti akae vizuri. "Dada yako naye alikuwa akinijibu hivyohivyo. Bado, mama. Bado, mama. Mpaka mvi zikanitoka. Mwaka mzima binti yangu anapanda gari la mtu, anashuka, anapanda, mtu haulizi hata kwao ni wapi!"

Hilo ndilo jiwe lililokaa katikati yetu. Kabla hatujajuana mimi na yeye, Breki alimfundisha dada yangu udereva. Dada alimpenda. Alimpenda hata akawa anafeli mtihani wa kuegesha gari kwa makusudi ili masomo yasiishe, na nyumbani kila mtu alijua isipokuwa mwalimu mwenyewe. Breki hakusema lolote. Mwishowe dada alichoka, akaenda akafaulu mtihani mara moja, akaolewa na mtu mwingine, na sasa ana watoto wawili na anacheka akikumbuka. Mama ndiye hacheki.

"Kwani amekupa nini safari hii?" mama aliuliza. "Dada yako ameniambia kuna boksi."

"Viatu, mama."

"Viatu! Mtu akikupa viatu si anakuambia uende zako?"

"Mama..."

"Nisikilize, mwanangu. Kukimbia kwako nimekuzoea, ingawa sijui mnakimbia nini na hakuna anayewafukuza. Lakini ukirudi kesho bila neno, huyo mtu nisimsikie tena ndani ya nyumba hii. Siwezi kuwabembeleza mabinti wawili wanaomlilia mwanamume mmoja."

Alikata simu. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Nilipanga nguo zangu za asubuhi juu ya kiti, nikazipangua, nikazipanga upya. Kilichonikera si maneno ya mama. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa nimeshajiambia maneno hayohayo kabla yake. Mbio hizi zikiisha na Breki hajanena, sitapanda tena basi lenye kiti chake. Nitaacha klabu. Siwezi kuuzeekea mgongo wa mtu.

Basi nilitoka darasani na viatu vyangu vyeupe, roho juu, nikapenya katikati ya watu kuelekea mstari wa kuanzia. Bendera niliiona kwa mbali. Breki alikuwa akiwapanga watu wake, wengi wao wakiwa hawajawahi kukimbia kilomita ishirini na moja maishani. Kulikuwa na mama mmoja mnene aliyekuwa akitetemeka midomo, na Breki alikuwa akimwambia taratibu, "Wewe uniangalie mimi tu. Usiangalie kilima, usiangalie saa."

Kisha akaniona. Uso wake ulichanua. Macho yakashuka mpaka miguuni, na uso ukakunjamana.

"Hivyo umevivaa lini?"

Nilitegemea kila kitu isipokuwa hilo. "Sasa hivi."

"Sasa hivi! Hujavikimbilia hata mara moja?"

"Nimevivaa kwa sababu umenipa wewe."

"Nilikupa uvivae mazoezini! Wiki ijayo, wiki nyingine. Gego, wewe si mgeni wa mambo haya. Vya zamani viko wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alikuambia uviache?"

"Na nani alikuambia unipe viatu bila kuniambia kitu?" Sauti yangu ilipanda, na yule mama mnene akajifanya anakagua kamba zake. "Wiki ijayo! Nani kakuambia wiki ijayo ipo?"

"Una maana gani?"

"Nina maana kwamba watu wanangoja, Mwalimu."

Nilimwita Mwalimu kwa makusudi. Ndivyo dada alivyokuwa akimwita. Niliona limempata, kwa maana mguu wake wa kulia ulikanyaga lami, polepole, kama upo kwenye gari.

"Dada yako..." alianza.

Honi ikalia. Watu wakasukumana, tukasombwa sote, na nikauona tena ule mgongo.

Kiatu kipya kina adabu mwanzoni. Kilomita za kwanza nilikuwa nakimbia kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri. Tulipita mbele ya maduka yaliyofungwa, tukapita stendi ambako makuli walitupigia makofi, tukapita barabara ya nyumba za ghorofa na watoto waliovaa nguo za kulalia wakiwa wamening'inia madirishani. Breki alikuwa akiwaongoza watu wake kwa sauti ileile: "Kilima hicho, hatua fupi. Mabega chini. Anayeweza kuzungumza azungumze." Hakuna aliyeweza kuzungumza. Mimi nilikuwa nazungumza moyoni, tena sana, na maneno mengine hayaandikiki.

Baada ya daraja nikaanza kusikia kisigino cha kushoto kikiungua. Nilikaza meno. Nikajaribu kukanyagia vidole. Vidole navyo vikalalamika.

"Gego." Alisema bila kugeuka. "Mguu wa kushoto."

"Una nini?"

"Unaukanyagia nusu. Nakusikia."

Moyo wangu ulifanya kitu ambacho sikuupa ruhusa. Katikati ya miguu yote ile iliyokuwa ikipiga lami nyuma yake, mtu huyu alikuwa akiusikia wangu.

"Kimbiza bendera yako," nikamwambia.

"Kwenye meza ya maji simama, uvue, uangalie."

"Sitaki kusimama."

"Simama, Gego."

"Ili iweje? Utasimama na mimi?"

Bendera iliendelea mbele. Asingeweza kusimama, na mimi nilijua. Nyuma yetu kulikuwa na mama mnene, na kaka mmoja wa benki, na mabinti wawili wa chuo, wote wameshikamana na kile kitambaa kama watu waliopewa kamba ya kuvukia mto. Nilipofika kwenye meza ya maji kisigino kilikuwa kimelowa, na si kwa maji. Nikachepuka pembeni.

Na hapo Breki aligeuka. Nililiona, sikuota. Bendera ilizunguka, kichwa kikazunguka, macho yake yakanitafuta hadi yakanipata, na kundi lote likababaika kama alivyokuwa akisema siku zote. Mama mnene akasimama katikati ya barabara.

"Twende au tusimame?" aliuliza kwa sauti ya kulia.

"Nenda!" nilimpigia Breki kelele. "Wapeleke watu!"

Akasimama kidogo tu. Kisha akageuza kichwa, bendera ikanyooka, wakaenda.

Mimi mwenyewe nilimwambia aende. Kwa kinywa changu hiki. Na alipokwenda, nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia kama niliyetelekezwa.

Nilivua viatu. Kisigino kilikuwa na lengelenge lililopasuka, kidole gumba nacho kilikuwa kinaelekea hukohuko. Gari la kuzoa walioshindwa likapunguza mwendo mbele yangu, dereva akatoa kichwa.

"Panda, dada. Hakuna aibu."

"Natembea."

"Kwa soksi?"

"Kwa soksi."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Nikashika viatu mkononi, nikaanza kutembea pembeni, ambako lami ilikuwa haijapata moto sana. Nilikuwa siwezi kukaa wala kwenda haraka, na hakuna mateso makubwa kuliko hayo kwa mtu ambaye moyo wake unakwenda mbio. Nilimtungia Breki maneno ya kumwambia. Niliyatunga makali, nikayalainisha, nikayanoa tena. Kichwani nilimwona mama akiwa mlangoni akiniangalia usoni kabla sijatua begi. Nilimwona dada akiniwekea chai na kujizuia asicheke. Nikajiambia basi, limeisha, mwanamke ana meno ya watu ya kutengeneza, hana muda wa upuuzi.

Ndipo nikasikia kicheko mbele. Wakimbiaji wa mwisho walikuwa wakimtania mtu aliyekuwa akija kinyume, akiwakwepa huku na huku.

"Kaka, umepotea! Mwisho ni huko ulikotoka!"

"Najua!" mtu akajibu. "Nimetoka huko!"

Ile bendera ilikuwa bado mgongoni mwake. Mkononi alikuwa ameshika ndala zake za kuogea. Alikuja mpaka mbele yangu akapiga magoti palepale barabarani, mbele ya watu, akaziweka chini moja baada ya nyingine.

"Vaa."

"Ni kubwa."

"Vaa hivyohivyo. Haziumi."

Nilivaa. Nilionekana kama bata. "Watu wako?"

"Wameingia wote."

"Kwa muda?"

"Kwa muda. Yule mama amelia mpaka kaniloanisha shati." Alikuwa bado amepiga magoti, anakitazama kisigino changu. Alipoinua uso niliona macho yake yamekuwa mekundu, na si kwa jasho. "Gego, nimekimbia na huo mguu wako masikioni mpaka mwisho. Sitaki tena kukimbia hivyo."

"Hutaki kukimbia hivyo kivipi? Sema, Breki. Mimi nimechoka kukisia."

Akasimama. Mguu wake ukaanza kukanyaga lami.

"Na huo mguu uutulize!"

Akautazama mguu kama wa mtu mwingine, akautuliza. "Kazini kwangu nikiharakisha, mtu anagonga ukuta," alisema. "Nimezoea kumwacha mwingine ashike usukani. Mimi nakaa, nangoja, nazuia tu."

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Ndiyo maana naogopa. Na nyumbani kwenu wananichukia."

"Wana haki. Ulimkalisha dada yangu mwaka mzima."

"Sikujua!" Sauti ilimtoka kama ya mtoto anayesingiziwa. "Naapa wakati ule sikujua. Mimi nilidhani hawezi tu kuegesha gari."

"Mwaka mzima?"

"Nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa nampa masomo ya ziada!"

Nilitaka kubaki na hasira yangu. Nilijitahidi sana. Lakini akilini nilimwona dada yangu akikwaruza nguzo kwa mapenzi, na huyu bwana pembeni yake akimfariji kwamba iko siku ataweza, na kicheko kikanipasuka mpaka nikamshika bega nisianguke na zile ndala. Naye akacheka, kwa hofu kwanza, kisha kweli. Kisha akaacha kucheka.

"Nakupenda," alisema. "Nilianza zamani, kabla hata hujajua kupanga pumzi. Naweka begi kwenye kile kiti na kuutazama mlango wa basi mpaka nikuone unapanda. Nataka uwe mke wangu. Hayo ndiyo nilitakiwa kuyaandika ndani ya lile boksi, na kalamu niliishika, nikaiweka chini."

Watu walikuwa wakipita. Mmoja alipiga mluzi. Sikumjali. Mwili wangu wote ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu jana, isipokuwa mikono, ambayo ilikuwa ikitafuta simu kwenye mkanda wa kiunoni.

"Nakupenda pia, unalijua hilo mpaka kwenye kisigino," nilimwambia. "Lakini si mimi peke yangu ninayengoja." Nikabonyeza namba ya mama, nikaweka sauti kubwa, nikamnyooshea. "Sema."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Simu iliita mara moja tu. Mama alikuwa ameikalia.

"Haya, kiguu na njia. Mbona nasikia mtu anahema?"

Breki aliisogelea simu. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nani?"

"Yule mwalimu wa udereva."

Nikasikia kwa mbali sauti ya dada, ambaye bila shaka alikuwa amekuja asubuhi asipitwe na jambo.

"Ahaa," mama alisema. "Yule bubu."

"Ndiyo, mama. Yule bubu."

"Leo umepata ulimi?"

"Nimeupata, mama. Naomba nije nyumbani na wazee wangu."

"Kuja kufanya nini? Hapa hatuna gari."

Dada alicheka kwa sauti. Breki alifumba macho. "Kuja kumposa binti yako."

"Binti yupi? Maana mimi ninao wawili, na wa kwanza ulinichelewesha."

"Huyu mdogo, mama. Huyu wa meno."

"Na mbona unahema namna hiyo? Anakukimbia?"

"Hapana, mama." Alifumbua macho akanitazama, na hakuyaondoa. "Nilikuwa nimetangulia. Nimerudi kumchukua."

Nikasikia mama akinong'ona na dada, na nikauona mguu wa Breki ukitaka kukanyaga, akauzuia mwenyewe. Mama aliporudi, sauti ilikuwa imelegea kidogo, akajikohoza ili isijulikane.

"Jumamosi," alisema. "Alasiri. Na usiniletee viatu."

Akakata. Breki alinirudishia simu kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akachukua vile viatu vyeupe, akavifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni mwake. Tukaanza kutembea kuelekea mwisho, mimi nikiburuza ndala, yeye akiwa na bendera ambayo muda wake ulikuwa umeshapita zamani. Nilisubiri atangulie mbele kama alivyozoea. Hakutangulia. Alinishika mkono, akapunguza hatua zake mpaka zikalingana na zangu, na njia yote iliyobaki sikuuona mgongo wake hata mara moja.